Safari ya Kupiga Picha Moyo wa Mwanahawa

Saa tano na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, mdogo wangu Mwanahawa alikaa chini katikati ya uwanja wa stesheni ya treni ya Zambia, akaweka kanga chini ya kichwa, akasema mlangoni hafiki. Kutoka pale alipokaa hadi mlangoni nilihesabu hatua sitini na mbili. Ndipo safari yetu ilipoanza hasa, ingawa Temeke tulishaiacha tangu saa tatu.

Nayaandika haya kwa sababu tangu turudi kila anayekuja kutusalimu anauliza yaleyale, na Mwanahawa akisimulia sana pumzi inamwishia. Asome hapa anayetaka kujua, amwache apumzike.

Kwa wasiojua tulikokwenda na kwa nini: Mwanahawa ana miaka ishirini na tisa. Alizaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo. Utoto wote tulimwita mvivu. Daktari mmoja wa hapa mjini ndiye aliyeliona tundu hilo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, lakini mashine yake haikuweza kumwonyesha damu inapita kwenda upande gani na kwa kiasi gani. Alinieleza hivi. Kama damu bado inavuka kutoka kushoto kwenda kulia, tundu linazibwa kwa upasuaji na mtu anapona. Kama mishipa ya mapafu imeshakuwa migumu na damu imegeuka, inavuka kutoka kulia kwenda kushoto, basi tundu limekuwa njia ya kuponea, ukiliziba, umemuua. Jibu lingetolewa na mashine ya sumaku, MRI ya moyo, ambayo kwetu haipo. Ndege daktari alimkataza, akihofia hewa nyepesi ya huko juu. Tukaamua kwenda Johannesburg kwa nchi kavu.

Mimi ni fundi redio. Udaktari sikuusomea. Ninachojua nilikitoa kwenye kitabu cha manesi kisicho na jalada nilichokinunua Kariakoo, nikakisoma mara tatu nikiwa na kamusi. Basi msinilaumu nikikosea neno.

Stesheni

Mpagazi mmoja alitukuta pale chini. Alimtazama Mwanahawa, akatazama mabegi.

"Sista, mkokoteni upo. Mizigo na wewe bei moja."

"Nipakie," Mwanahawa akasema. "Ila usiniandikie 'kivunjikacho'."

"Wewe huvunjiki. Midomo yako tu hiyo, umekula zambarau?"

Alisema kwa utani, na Mwanahawa akacheka. Mimi sikucheka. Nilitoa daftari nikaandika: midomo buluu kidogo, kucha vilevile, mapigo themanini na nane. Nilikuwa nimeamua kuandika hivyo kila baada ya saa tatu mpaka tufike, ili daktari wa kule akute kumbukumbu kamili.

Dar es Salaam hadi mpakani

Kwenye treni ile wanawake hulala vyumba vyao na wanaume vyao. Sikulijua hilo kabla. Nilikuwa nimepanga kukaa karibu naye, kumbe natakiwa kumkabidhi kwa watu nisiowajua. Chumbani kwake alikuwamo mama mmoja wa Mbeya, mfanyabiashara wa vitenge, aliyejitambulisha kama Mama Atupele.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Huyu ni mdogo wangu. Ana moyo mbovu."

"Marahaba. Mbovu kwa tabia?"

"Hapana, mama. Wenyewe hasa."

Akatoa mzigo wake kwenye kitanda cha chini, akaupandisha cha juu. "Alale hapa. Mie nitapanda. Mafuta yote haya lakini kupanda naweza."

Asubuhi ya pili treni ilisimama porini, mbele kidogo ya Mlimba. Saa sita nzima. Hatukuambiwa sababu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba behewa la mbele yetu halikuonekana. Tulisikia sauti za wauzaji, "wali kuku, wali kuku", lakini watu wenyewe hatukuwaona. Mkono ulitokea kwenye ukungu umeshika sahani, ukapokea hela, ukarudi ndani ya weupe. Baadaye mkono mwingine ulikuja kuchukua sahani. Wali ulikuwa mzuri, wa moto, umepikwa kwa nazi kidogo. Mwanahawa alikula nusu. Aliniuliza, kwa dhati kabisa, kama nina hakika ile mikono ina watu.

"Ina watu," nikamwambia.

"Umewaona?"

Sikuwa nimewaona.

Baada ya hapo reli inapanda milima na kupita kwenye mahandaki. Taa za behewa letu hazikuwaka. Nilikuwa nimesimama naye ujiani, nimemshika kifundo cha mkono, nahesabu, tulipoingia handaki la kwanza. Giza lilikuwa la ghafla. Kwenye giza lile mapigo yakanipotea. Nilisogeza vidole, nikabonyeza, hakuna. Nikabonyeza tena.

"Nipo, kaka," akasema. "Acha kunifinya."

Mahandaki yalikuwa mengi, na kila tulipotoka kwenye mwanga nilitazama kucha zake. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Zilikuwa zinazidi kuwa buluu. Si kwa kuchoka, maana alikuwa amekaa. Mama Atupele naye aliliona.

"Fundi, huyu mtoto anageuka rangi jamani. Mmemlisha nini?"

Ilinichukua mpaka Makambako kuelewa. Tulikuwa tumeikimbia ndege kwa sababu ya hewa nyepesi, na reli ilikuwa inatupandisha huko huko, polepole, bila kuondoka ardhini. Nilipofungua ramani nikaona kwamba tangu hapo mpaka Johannesburg tungekaa juu ya uwanda wa juu karibu njia nzima. Hilo sikumwambia Mwanahawa. Niliandika tu: Makambako, mapigo mia moja na nne, kucha kama wino.

Mama Atupele alishuka Mbeya. Alimfunga Mwanahawa kitenge kipya kiunoni, akakataa hela. Kisha akanivuta pembeni. "Mpite haraka huko mnakokwenda. Mie nimezika wawili wenye vidole kama hivyo."

Vidole anavyosema ni vile mnavyovijua, vyenye ncha zilizovimba na kucha zilizopinda. Sisi tulidhani ni vya ukoo.

Kapiri Mposhi

Treni inaishia Kapiri Mposhi. Tulishuka tukiwa tumechelewa siku nzima. Nje ya stesheni wanawake waliuza viazi vya kuchemsha na mihogo. Mmoja, mzee kidogo, alimtazama Mwanahawa tangu tulipokuwa mbali. Tulipomfikia alipiga makofi mawili taratibu, akapiga goti kidogo, akasema:

"Moyo wenu?"

Mwanahawa akanishika mkono. "Kaka. Amejuaje?"

Yule mama akarudia, huku akitabasamu, macho yake kwenye vidole vya Mwanahawa. "Moyo wenu?"

Nakiri kwamba nywele zilinisimama. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote pale lolote, na lugha yetu hawaisemi. Dereva mmoja wa malori, aliyekuwa akienda na kurudi Dar, ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amekaa kwenye benchi anakula kiazi.

"Msiogope bwana, anawasalimu. Huyu ametoka kaskazini magharibi huko. Kwao salamu ndiyo hiyo, 'moyo'. Maana yake uhai. Anawaulizeni uhai wenu."

"Sasa hiyo ndiyo afadhali?" Mwanahawa akasema. Kisha akamgeukia yule mama, akampigia makofi mawili kama alivyopigiwa. "Mwambie bado upo."

Dereva alimtafsiria. Yule mama hakucheka. Alituchagulia viazi vikubwa zaidi.

Lusaka, Harare

Mabasi ya huko ni mazuri kuliko ya kwetu, lakini husimama mpakani mpaka mtu ausahau mwendo. Njiani tulikula ugali wao, laini na mweupe sana, na dagaa wakavu wa kukaanga na nyanya. Mwanahawa alisema dagaa wale ni ndugu wa wale wa Kigoma walioolewa mbali. Nilifurahi kumsikia akitania, kwa sababu siku ile nilihesabu kwamba alikuwa akipumzika mara mbili kupanda ngazi za basi, ngazi tatu tu.

Harare tulilala nyumba ya wageni ya mama mmoja mpole, nywele zimeota mvi. Kiingereza changu ni cha vitabu vya redio. Cha kuzungumza nakitafuta. Aliniuliza tunakwenda wapi. Nikataka kusema kwa sababu ya moyo, neno la Kiingereza likanitoka kichwani, nikasema lile la kwetu nikigusa kifua.

Uso wake ulibadilika. Alikaa chini. "Moyo yupi?" akauliza. "Amekufa lini?"

Sikumwelewa. Nikajibu nilichoweza: "Bado hajafa." Nikamwonyesha Mwanahawa.

Yule mama alimtazama Mwanahawa kwa muda mrefu. Kisha akaja akampa mkono kama anayetoa pole msibani, akatuhamishia chumba kizuri zaidi, akaleta uji. Ilikuwa asubuhi yake, mwanawe alipokuja, ndipo tulipoeleweshana. Moyo lilikuwa jina lake, na la ukoo wake wote. Alidhani sisi ni ndugu wa mbali tunaokwenda kuzika mtu wao. Akaeleza pia kwamba watu wa ukoo ule hawali kabisa moyo wa mnyama yeyote. Tulicheka wote wanne. Lakini nilipotaka kulipia kile chumba kizuri, alipokea nusu tu, na alipoagana na Mwanahawa alimpa mkono vilevile kama alivyompa kwanza, mikono miwili, kichwa chini, kama vile kueleweshana kule hakukubadilisha kitu.

Johannesburg

Tulifika siku ya tisa. Hospitali sitaitaja. Ilikuwa kubwa, safi, na kimya kuliko msikiti saa nne asubuhi. Walituweka tayari siku iliyofuata.

Kwanza walimwondolea kila kitu cha chuma. Kipini chake cha puani, alichotogwa akiwa na miaka saba, kiligoma kutoka. Nesi alitumia sabuni na subira. Kilipotoka Mwanahawa alifunika pua kwa kiganja kama mtu aliyevuliwa nguo, akaingia hivyo.

Mashine yenyewe ni bomba ambalo mtu analazwa akaingizwa mpaka kiunoni na kupita. Ndani yake mna sumaku ambayo haizimwi. Mimi nafahamu sumaku. Kila spika ninayoifungua inayo. Lakini nilipofika mlangoni nilihisi, au nilidhani nahisi, funguo zangu zikiniita kutoka kwenye meza nilipoziacha. Walinizuia nje ya kioo, pamoja na mpiga picha, kijana mrefu wa Kizungu mwenye adabu sana.

Kazi yangu ilikuwa kusema kwenye kipaza sauti. Moyo hautulii, kwa hiyo mashine huufuata kwa waya zilizobandikwa kifuani, inakamata picha kwa kila pigo. Na kifua lazima kitulie, mtu abane pumzi. Mpiga picha alinipa ishara, nami nikasema: "Vuta pumzi. Toa. Bana."

Mashine ikaanza kugonga.

Mtu ambaye hajaisikia hawezi kuijua sauti ile. Ni kama mtu anayebisha mlango wa mbao kwa ngumi, mapigo yaliyopangwa, bila kuchoka na bila hasira. Ngo, ngo, ngo, ngo. Kisha inanyamaza. Kisha inaanza tena.

Picha za kwanza ziliharibika. Za pili pia. Mpiga picha alinionyesha kwenye televisheni yake: kama taswira ya chaneli isiyoshikwa vizuri, kivuli juu ya kivuli. "Hatulii," akasema. "Anaongea." Akafungua sauti ya kule ndani, akainua kidole tusikilize, akaanzisha mashine.

Ngo, ngo, ngo, ngo.

Na kati ya kugonga kule, sauti ya mdogo wangu, ndogo, ya heshima: "Karibu."

Ngo, ngo, ngo.

"Karibu."

"Anasema nini?" mpiga picha akaniuliza.

Nilimwambia. Anamwambia mtu aingie.

Yule kijana aliondoa mkono wake kwenye kitufe. Mashine ilinyamaza. Kwa muda wa kama nusu dakika tulikaa wote wawili tukitazama kupitia kioo, nyayo mbili za Mwanahawa zimetokeza kwenye bomba, buluu, na nyuma yake hakuna mtu. Nataka niwe mkweli: nilitazama pia upande wa mlango.

Nikachukua kipaza sauti. "Mwanahawa."

"Abee, kaka."

"Unamkaribisha nani?"

"Si anabisha? Hasemi hodi, anabisha tu. Kumwacha mtu mlangoni si vizuri."

"Ni mashine. Ndiyo inayopiga picha."

"Ina adabu mbaya," akasema. "Sawa. Sasa nisimwitikie?"

"Usimwitikie. Usimkaribishe mtu yeyote. Bana pumzi tu mpaka nikwambie."

Nilisema hivyo mara kumi na nane, vuta, toa, bana, na mara kumi na nane alitii. Alikuwa akiweza sekunde tisa, wakati mwingine kumi. Kumwambia ndugu yako asipumue, ukamwona ametulia kabisa, ukangoja mtu mwingine akupe ishara ya kumrudishia pumzi, si kazi ya kawaida. Mara ya kumi na nne ishara ilichelewa kidogo na nilisema "pumua" kabla sijaruhusiwa. Mpiga picha hakunigombeza.

Kisha akaziunganisha picha zikatembea. Niliuona moyo wa Mwanahawa. Umekatwa kama embe, hauna damu, unacheza kwa kijivu na nyeupe. Niliona ukuta wa katikati na mahali unapoishia. Niliona chumba cha upande wa kulia, ambacho kitabu changu kinasema kiwe chembamba, kimekuwa kinene kama cha kushoto. Na palipo na tundu, kwa kila pigo, kulikuwa na kivuli kidogo cheusi kinachovuka.

Kilikuwa kinavuka kutoka kulia kwenda kushoto.

Nilijua kwa zaidi ya saa mbili kabla ya daktari kutuita, na saa mbili hizo nilizitumia kumsaidia nesi kurudisha kipini.

Jibu

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anaongea polepole kwa ajili yangu. Alituonyesha hesabu ya damu inayokwenda mapafuni na inayokwenda mwilini. Ya mapafuni ilikuwa pungufu. Alisema mishipa imeshakuwa migumu kwa miaka mingi, huenda tangu akiwa binti. Tundu haliwezi kuzibwa. Hakuna daktari mwenye akili atakayeligusa. Na akasema kwa ukali kidogo kwamba asipate mimba, kamwe, maana moyo huu hautavuka mimba.

Nilitafsiri yote. Nilikuwa nimemwahidi Mwanahawa tangu Temeke kwamba sitampunguzia neno, nami sikumpunguzia. Alisikiliza akiwa ameinama. Alipoinua kichwa aliniambia:

"Muulize jambo moja. Ni kwa sababu nilimkaribisha?"

"Nani?"

"Yule. Muulize kama damu imegeuka pale, niliposema karibu. Labda mwanzo ilikuwa sawa."

Nilimuuliza daktari. Ilinibidi, maana Mwanahawa alikuwa ananitazama mdomo. Daktari hakucheka wala hakushangaa. Aliinuka, akaja akakaa upande wetu wa meza, akamshika Mwanahawa vidole vile, akapitisha kidole chake juu ya kila ukucha. "Mwambie vidole hivi vina miaka mingi," akasema. "Damu iligeuka zamani. Hakumfungulia mtu."

Mwanahawa akaitikia kwa kichwa. Sijui kama aliamini. Aliuliza amebakiwa na muda gani, akaambiwa kwamba wako wanaofika miaka arobaini, na wanaoivuka, wakiishi taratibu, wakinywa maji ya kutosha, wasipande milima.

"Basi nirudishe Temeke," akaniambia. "Kwetu tambarare."

Kurudi

Njia ilikuwa ile ile, na sitairudia. Nitasema tu kwamba tulivyoteremka kutoka Makambako kuja pwani kucha zake zilianza kupata rangi, na tulipoingia Dar niliandika: mapigo tisini, midomo buluu kidogo. Kama tulivyoondoka.

Najua yanayosemwa. Wengine waliomtazama kifua na kukuta hakina kovu wamesema hatukufika popote. Nilitoa filamu ya picha niionyeshe, nikaishika dirishani kwenye mwanga, na jirani mmoja aliyekuja kwa nia njema akaniomba niiweke mbali. Akasema si vizuri kuwa na picha ya ndani ya mtu naye yuko barazani anashona. Nimeifunga. Anayetaka kuiona aje mchana.

Mwanahawa anashona kwa saa mbili, anapumzika, anashona tena. Mlango wa chumba chake siku hizi haufungi. Nilimuuliza kwa nini, akasema ili asibishiwe.

Ilibaki amana ya upasuaji, mliyoichanga nyinyi majirani na jamaa, nami nikaongezea kiwanja changu cha Mbagala. Nilitaka kumwekea kwa dawa. Alikataa. "Warudishie watu sasa, kaka, nikiwa nawaona. Zikikaa sana zitakuja kuitwa rambirambi." Kila mmoja aje achukue chake. Hazikuguswa: dola elfu nne, mia sita na arobaini.